Moshi Mweupe na Pua ya Mzee Masatu

Tangu nilipokabidhi ovaroli na funguo za stoo mwezi uliopita, simu yangu haijapumzika. Vijana wa karakana wananitumia video. Gari limewashwa asubuhi, nyuma linatoa moshi mweupe, na sauti inauliza: "Mama, hii ni gasketi?" Nikiwajibu kwamba video haina harufu, wananitumia vikaragosi vya kucheka. Basi nimeona niwaandikie mara moja kwa urefu, nyinyi mliobaki pale Igogo, niliyojifunza kuhusu moshi mweupe na aliyenifundisha. Habari za vyeo vyangu mnazijua, mlizisikia zikisomwa siku ya kuniaga mpaka soda zikapata joto. Sitazirudia. Haya ninayoandika hayakusomwa siku ile, na nilipokuwa nimekaa pale mbele nimevishwa taji la maua nilikuwa nashukuru kwamba hayasomwi.

Nilifika karakana nikitokea Muleba, nikiwa na cheti cha ufundi wa magari na viatu vipya vilivyonibana. Mlinzi alinielekeza kwenye ofisi ya makarani. Nilipomwambia mimi ni fundi, alinitazama viatu, akanitazama usoni, akanielekeza tena kwenye ofisi ya makarani. Shirika letu wakati ule lilikuwa na magari ya wagonjwa na magari ya kupeleka dawa na manesi kwenye zahanati za Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Yote yalikuwa ya dizeli, na yote yalikuwa yameshachoka kabla sijazaliwa, au ndivyo yalivyosikika.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Masatu, mtu wa Ukerewe, mrefu, mwenye maneno machache. Maisha yake yote alisema "gali" badala ya gari, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha ndoano ya kutundika mkoba. Mapokezi yakaishia hapo.

Asubuhi yangu ya kwanza ilikuwa ya baridi, ule msimu ambao ukungu wa ziwa unapanda mpaka barabarani. Dereva kijana aitwaye Shija, Msukuma wa Magu, aliwasha gari la wagonjwa, na nyuma likamwaga wingu jeupe kama la mtu anayefukiza nyuki. Madereva wengine walikuwa wamesimama wakinywa chai. Mimi, nikitaka waone kwamba cheti changu sikuokota, nikapaza sauti: "Hiyo ni gasketi ya silinda hedi! Zima gari!"

Shija akazima. Wote wakamgeukia Mzee Masatu. Mzee hakucheka. Alimwambia Shija awashe tena, akaniita nyuma ya gari.

"Chuchumaa. Kinga kiganja hapa. Usiguse bomba, litakuunguza. Haya, nusa."

Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mzee."

"Na kiganja?"

"Kimelowa."

"Huo ni umande, binti. Bomba limelala nje, limetoa jasho ndani. Gali likipata moto, jasho linakauka. Tungoje."

Kabla madereva hawajamaliza chai, moshi ulikuwa umekwisha. Kuanzia siku hiyo waliniita Gasketi, kwa muda mrefu kiasi kwamba muuza mihogo wa getini alidhani ndilo jina nililobatizwa.

Mengine Mzee alinifundisha kidogo kidogo. Nayaweka hapa kwa sababu ndiyo mnayoniuliza kila siku. Moshi mweupe unaopotea injini ikipata joto, usio na harufu, ni mvuke tu, achana nao. Moshi mweupe unaowasha macho, unaonuka kama kitambaa kilicholoweshwa dizeli, huku injini ikitetemeka na kugonga, ni dizeli ambayo haikuungua. Hapo kagua hita plagi, zile zinazopasha moto ndani ya silinda kabla ya kuwasha, halafu nenda kwenye nozeli zinazopuliza dizeli na pampu yake. Gari la namna hiyo litakuchosha lakini litakufikisha.

Wa kuogopa ni ule mzito usioisha hata injini ikichemka. Gasketi iliyo kati ya bloku na silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda, na maji ya rejeta yanaingia ndani kunakoungulia mafuta. Magari yetu yalikuwa yakitiwa kulanti, yale maji ya kijani, kwa hiyo moshi wake ulikuwa na harufu tamu, kama sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Lakini gari lililotiwa maji matupu ya bomba halitoi utamu huo. Ndiyo maana nimewachosha miaka yote: fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi, kamwe si ya moto. Tazama kama maji yamepungua. Washa, uangalie kama yanatoa mapovu. Chomoa kijiti cha oili uone kama imegeuka kuwa chai ya maziwa. Na gari linaloongezwa maji kila asubuhi bila kuvuja chini, hayo maji yanakwenda mahali.

Mzee alijua yote hayo. Ila asubuhi hakuna muda, kila dereva anataka kuwahi kivuko, na Mzee alikuwa na pua. Alikuwa akiinama nyuma ya gari, mkono mmoja mgongoni, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Kisha anatoa neno moja. "Umande." Au "Dizeli." Au "Ingiza ndani," na hapo dereva anajua leo hana safari. Sikumwona akikosea. Madereva walikuwa wakiambiana, "Mzee ameshaninusia," wakaondoka kama walioombewa.

Miaka ikaenda. Nikawa fundi kamili, nikaolewa, nikazaa, nikarudi kazini. Mwaka mmoja, baada ya masika, nesi mmoja alirudi kutoka Nansio Ijumaa na samaki aina ya sangara, akamsahau chini ya kiti cha gari. Gari likashinda juani mpaka Jumatatu. Tulipofungua mlango, fundi wa umeme alitapika. Mzee Masatu aliingia, akaketi, akafungua dashibodi na kufanya kazi yake taratibu mpaka saa ya chai. Watu walimsifu. "Mzee ni mwanaume," walisema. Nami nilimsifu.

Mchana alinikuta nyuma, kwenye sehemu ya kuoshea magari, pale makorongo wanapongojea mabaki ya samaki. Alisimama akitazama ziwa.

"Adela, kwenye lile gali kulikuwa na nini?"

"Sangara, Mzee. Ameoza."

"Ameoza sana?"

Nilitaka kucheka. Nikamtazama, nikaacha.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu yale mafua ya masika. Nilidhani itarudi. Mke wangu anapika, sijui kama ni dagaa au ni maji ya moto."

Nikamwambia tukamweleze Mkuu wa karakana, Bwana Mgaya, ambaye alikuwa akimheshimu kama baba yake. Mzee alitikisa kichwa.

"Nikimwambia, nitabaki nani pale?"

"Basi tuwe tunangoja injini zipoe, tupime kwa maji ya rejeta."

"Madereva watauliza kwa nini siku hizi Mzee anangoja."

Kisha akaomba, na mtu yule hakuwa amewahi kuniomba hata spana. Alitaka nisimame karibu naye asubuhi, ninuse mimi, nimwonyeshe. Tukakubaliana alama. Kitambaa changu cha kufutia mikono kikiwa bega la kulia, ni dizeli. Kikiwa bega la kushoto, ni gasketi. Kikiwa mkononi, ni umande.

Tulifanya hivyo muda mrefu, na tulifanya vizuri, tena hilo ndilo linaloniumiza kulikumbuka. Mkuu alikuwa akileta wageni kumwonyesha fundi anayenusa injini. Mzee anainama, mkono mgongoni, anavuta pumzi ya bure. Mimi nimesimama nyuma na kitambaa begani kama mhudumu wa hoteli. Wageni wanapiga makofi. Mzee alikuwa akiinua uso na kunitafuta kwa macho, na kila mara niliona haya, kama niliyemkuta bafuni. Baadaye hatukuzungumza habari hizo hata tulipokuwa wawili. Tulizungumza juu ya boliti.

Kisha mama yangu akaugua, nikaomba ruhusa kwenda Muleba. Kabla sijaondoka nilimvuta Mzee pembeni.

"Mzee, nikiwa sipo usinuse. Fungua rejeta. Ngoja, waseme wanavyotaka."

"Nimesikia," alisema.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Shija mwenyewe, na mengine na mama mmoja muuza dagaa aliyekuwepo. Gari la Shija lilikuwa limeanza kunywa maji. Kila asubuhi aliongeza, na kila asubuhi moshi ulizidi. Siku ile aliitwa kwenda Sengerema kumchukua mama mjamzito ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama. Aliwasha, moshi ukajaa uwanja. Akamwita Mzee, akamwambia na habari ya maji. Madereva walikuwa wanatazama. Mzee aliinama, mkono mgongoni, akavuta pumzi. Akasema, "Umande. Nenda."

Gari lilifika Sengerema, likampakia yule mama na shangazi yake, likarudi mpaka Busisi. Wakati ule daraja halijajengwa, tulivuka kwa kivuko. Gari la wagonjwa huingizwa mwanzo ili litoke mwanzo, kwa hiyo Shija alikuwa mbele kabisa, akazima injini kama inavyotakiwa. Kivuko kikaanza kwenda. Injini ikiwa imezimwa, maji yakaendelea kuchuruzika kupitia gasketi iliyoungua, yakajaa juu ya pistoni, na maji hayabanwi. Kivuko kilipogusa Kigongo, Shija akazungusha ufunguo. Injini ikagonga mara moja kama nyundo juu ya chuma, ikakwama.

Mlango wa kivuko umeshuka, na nyuma ya gari la Shija mabasi na malori hayana pa kupita. Watu wakapiga honi. Walipojua kuna mjamzito ndani, honi zikanyamaza, wakaanza kusukuma, lakini magurudumu yalikuwa kwenye mwinuko na gari lilirudi nyuma. Yule mama akapiga kelele kwamba mtoto anakuja. Wauza dagaa wakateremka kwenye magari, wakavua vitenge vyao vya juu, wakavishika kuzunguka mlango wa nyuma, na shangazi pamoja na mkunga mmoja aliyekuwa abiria wa kawaida wakamzalisha hapo hapo juu ya kivuko. Mtoto alikawia kulia. Muuza dagaa aliniambia kwamba watu wote wale, pamoja na makondakta, walikaa kimya wakisubiri sauti moja. Mwisho ikatoka. Wakamwita mtoto Pantoni, kama watu wa huku wanavyoita kivuko, ingawa sina hakika kama jina hilo lilifika kanisani.

Wote wawili walipona. Lakini jina la shirika letu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa gari kwa herufi kubwa, na watu wa Kigongo wanajua kusoma.

Niliporudi kutoka Muleba, nilikuta Shija amesimamishwa kazi na mkutano umeitwa uwanjani. Injini ilikuwa imefunguliwa, gasketi iliyoungua imewekwa juu ya meza mbele yetu sote. Bwana Mgaya alisema kuangalia maji ni kazi ya dereva, na gari hili lilikuwa halina maji, ndiyo maana gasketi iliungua.

"Niliongeza asubuhi," Shija alisema. "Nilimwambia Mzee linakunywa maji. Mzee alinusa, akasema umande, nenda."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Kijana, usimsingizie Mzee." Mwingine akasema kama Mzee angenusa moshi wa gasketi, angejua hata akiwa amelala. Hakuna aliyemwamini Shija, kwa sababu sote tulikuwa tumemwona Mzee hakosei kwa miaka yote ile. Mimi ndiye niliyemfanya asikosee.

Nikamtazama Mzee, nikitegemea aseme. Alikuwa anatazama chini. Shija alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anatutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi nikatazama gasketi.

"Mzee, utuwie radhi," Bwana Mgaya alisema, na alisema kwa upendo kabisa. "Sisi hatuna shaka na wewe. Nataka tu huyu kijana aone mwenyewe anachokisema."

Akaagiza vikombe viwili vya bati, kimoja cha maji na kimoja cha mafuta ya taa, Mzee avitambue kwa kunusa. Watu walikuwa wanatabasamu. Kwao ilikuwa ni mchezo wa kumsafisha Mzee na kumwaibisha Shija, na Mzee hakuwa na njia ya kukataa.

Alichukua kikombe kimoja, akakipeleka puani. Alikaa nacho muda mrefu. Kisha akainua macho, akanitafuta begani. Nilikuwa na nguo za safari, sina kitambaa, na alama ya kikombe hatukuwa tumepanga.

"Maji," alisema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani Mzee anatania, maana harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imetufikia sote tulipokuwa tumesimama. Mzee hakuelewa kile kicheko. Alidhani wanataka athibitishe. Akainua kikombe kunywa.

Nilikipiga kwa mkono. Mafuta yakamwagika kifuani mwake, kikombe kikabingirika mpaka kwenye magurudumu ya gari.

"Adela?" Bwana Mgaya aliita.

"Hasikii harufu," nilisema. "Tangu masika ya mwaka juzi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Mzee alijipangusa kifua kwa kiganja, akakitazama kiganja kile kilicholowa. "Ni kweli," alisema. Kisha akatembea kuelekea getini, shati limemganda, na mlinzi akampigia saluti kama kila siku, kwa sababu hakujua.

Mkutano ulivunjika vibaya. Kila mtu alijifanya ana kazi mahali. Bwana Mgaya aliingia ofisini akafunga mlango. Mtu akasema, "Haya, kazini." Shija alibaki amesimama pale na kofia yake. Nilipita karibu naye, karibu kiasi cha kumgusa, nikaenda kukaa kwenye stoo, nikalia kwa ajili ya Mzee. Kesho yake Shija alirudishiwa ufunguo wa gari jingine, nikahesabu kwamba mambo yake yamekwisha.

Mzee hakurudi. Alipanda meli kwenda kwao Ukerewe hata kabla hajaagwa. Mimi nilipewa onyo, na baadaye nikapewa kazi yake. Ndipo nilipoweka ile sheria mnayoilalamikia mpaka leo, kwamba hakuna gari linaloruhusiwa kwa pua ya mtu, hata yangu, mpaka rejeta ifunguliwe ikiwa ya baridi. Mlidhani ni ukali. Ilikuwa ni haya. Kila nilipoinama nyuma ya bomba la moshi nilikiona kile kifua kilicholowa.

Mwaka ulipopita nikashindwa kuvumilia, nikapanda meli kwenda Nansio kumwomba radhi. Nilimkuta ufukweni, nje kidogo ya mji, amekaa kwenye gogo anatengeneza injini ya mtumbwi. Mkewe alikuwa karibu anaanua dagaa. Nilimwamkia nimepiga magoti mchangani. Aliitika, akauliza habari za mama yangu, nikamwambia alishatangulia. Akanipa pole ya msiba.

"Mama Bwire," alimwita mkewe, akimnyooshea kopo, "hii ni petroli au mafuta ya taa?"

Mkewe akainama, akanusa. "Petroli."

Mzee aliuliza hivyo mbele ya wavuvi wawili wenye injini, na wao hawakushtuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kusema yote niliyokuwa nimeyapanga melini, kwamba nilimwaibisha mbele ya watu aliowalea, kwamba ningeweza kusema mapema kwa staha, ofisini, kabla ya vile vikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikaza boliti.

"Wewe ulinizuia nisinywe mafuta ya taa," alisema. "Hilo unaniombea radhi ya nini?"

Nilichora mchangani kwa kidole.

"Asubuhi ile kabla sijapanda meli nilimtafuta Shija," aliendelea. "Nilimkuta kituoni Mkolani, nikamwomba radhi pale pale barabarani. Nilimwacha kijana asimame peke yake mbele ya watu wote, na nilikuwa najua ni mkweli. Hiyo ndiyo inanipa haya mimi, si pua. Wewe ulimwambia nini?"

"Nani?"

"Shija."

Nilitazama mikono yangu. "Sikumwambia kitu, Mzee."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Aliweka spana chini. Hakukasirika. Nafikiri angekasirika ingekuwa afadhali.

"Mimi umenifuata mpaka kisiwani," alisema. "Yeye unamwona kila siku."

Njia nzima ya kurudi nilikaa nyuma ya meli, pasipo na watu. Mwaka mzima nilikuwa nimeitunza ile aibu kama kitu cha thamani, nikaipeleka kwa mkubwa, kwa mwalimu wangu, kwa mtu ambaye machozi yangu yalimfaa. Dereva sikumfikiria hata siku moja. Kila asubuhi nilikuwa nikimwambia, "Shija, umeangalia maji?" kama ninavyowaambia wote, na yeye alikuwa akinijibu, "Nimeangalia, Fundi."

Jumatatu nilimngoja mpaka wenzake wameondoka. Nikamwambia nilikuwa najua, siku ile, wakati watu wanaguna, na nikatazama meza. Nikamwomba anisamehe. Alifuta kioo cha gari muda mrefu, mahali pamoja.

"Unajua mke wangu ni mtu wa Sengerema," alisema.

Nilikuwa sijui.

"Yule mama alitoka kijiji jirani na kwao. Kule walisikia dereva hakutia maji. Walisikia kabla ya mkutano wenu. Baada ya mkutano hakuna aliyekwenda kuwaambia vingine. Mimi nilisema nyumbani sikusahau maji. Mke wangu alisema sawa. Lakini mpaka leo nikitoka asubuhi ananiuliza, umetia maji? Anauliza kwa upole sana."

Alikunja kitambaa.

"Mimi nimeshakusamehe, Fundi. Mzee naye aliniomba, nikasamehe. Lakini nyote mliniomba kwa kunong'ona. Njoo nyumbani useme mezani."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Walikuwa wanakaa Buhongwa, nyumba ya vyumba viwili, watoto mapacha wamevaa nguo za kanisani. Mkewe, Mama Kulwa, alinipokea vizuri mno, akanipa kiti chenye kitambaa, akaniita Bosi. Akaleta ugali na samaki aina ya sato, akaninawisha mikono. Nilikuwa nimepanga kusema tukimaliza kula. Nilipoona anataka kuninyofolea samaki upande wa kichwa, sehemu ya mgeni wa heshima, nilishindwa kungoja.

Nikamwambia yote. Kwamba mumewe aliongeza maji asubuhi ile, na akatoa taarifa kwamba gari linakunywa maji, kama dereva mzuri anavyotakiwa. Kwamba fundi alikosea, na mimi nilijua kwa nini alikosea, na nikanyamaza wakati mumewe anaitwa mwongo. Watoto wakaacha kutafuna.

Mama Kulwa hakunitazama. Aliweka kipande cha samaki kwenye sahani, taratibu, akapangusa vidole kwenye kanga. Kisha akamgeukia mumewe, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Baba Kulwa," alisema, "nisamehe."

Shija alikuwa ameinamisha kichwa. Akamsogezea sahani.

"Kula," alimwambia. "Chakula kinapoa."

Tukala, wao wanne na mimi, na sikuinua macho kwenye sahani yangu mpaka ikawa tupu.